Maporomoko ya Materuni: Utajiri unaolindwa na jembe la mkulima wa kahawa

UKITOKA mjini Moshi asubuhi kuelekea Uru, barabara huanza kupanda mara tu nyumba za mji zinapoisha. Baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 15, hewa imebadilika, mkono unatafuta sweta, na migomba imefunga pande zote mbili za njia. Hapo ndipo ilipo Materuni, kijiji cha mwisho upande huo kabla ya kuingia msitu wa Mlima Kilimanjaro.

Wakati wa kiangazi magari ya wageni husimama hapa karibu kila siku. Wanaoshuka hawana mizigo ya kwenda kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wamekuja kwa matembezi ya siku moja tu: kufuata bonde la kijito hadi kwenye maporomoko ya maji, kunywa kikombe cha kahawa, kula ndizi na kurudi mjini kabla jua halijazama.

Kwa mtu anayetazama kwa haraka, hii ni biashara isiyohitaji mtaji. Mlima upo, maji yanaanguka yenyewe, na mgeni analeta fedha mwenyewe. Lakini ukiitembea njia hiyo kwa makini utagundua kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni analipia imetengenezwa na wakulima, na kwamba wakulima hao wanaendelea kuitunza kila msimu kwa jembe na panga. Swali linalobaki ni kama na wao wanapata kitu.

Daftari kwanza

Safari huanzia kwenye ofisi ndogo, si kwenye kijito. Mgeni huandika jina lake katika daftari, hulipa ada na kukabidhiwa mwongozaji, ambaye mara nyingi ni kijana wa hapo hapo.

Utaratibu wa aina hii haukuanza jana. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Maendeleo la Uholanzi, SNV, kwa kushirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania, lilianza kusaidia vijiji vya kaskazini kuanzisha utalii wa utamaduni. Wazo lilikuwa rahisi: mtalii aliyekuja kuona wanyama au kupanda mlima abaki siku moja zaidi kijijini, na fedha ya siku hiyo iingie mfukoni mwa mwanakijiji.

Daftari lina faida zaidi ya kuhesabu fedha. Linaonyesha nani ameingia bondeni na nani ametoka. Mvua kubwa ikishuka saa nane mchana, kijiji kinajua ni watu wangapi bado wako chini. Mgeni anayepita pembeni ili kukwepa ada anajinyima ulinzi huo, na anakinyima kijiji mapato ya kukarabati njia aliyoitumia.

Ndani ya kihamba

Nusu ya kwanza ya njia hupita katikati ya mashamba. Mchaga huliita shamba la nyumbani kihamba, na kihamba kina ghorofa kama nyumba ya mjini.

Juu kabisa ni miti mirefu, mingi ikiwa imeachwa kutoka msitu wa asili au kupandwa na mababu, kama mruka na mringaringa. Chini yake ni migomba, kuanzia mshare wa kupika hadi ndizi za kutengeneza mbege. Chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni ni magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Ng'ombe mmoja au wawili hukaa bandani, huletewa majani na mabua ya migomba, nao hurudisha samadi. Hakuna kinachotupwa.

Faida ya mpangilio huo inaeleweka kwa mkulima yeyote. Kivuli hupunguza joto kwenye mbuni, majani yanayoanguka huifunika ardhi, na mizizi ya aina mbalimbali huushikilia udongo kwenye mteremko ambao, kama ungelimwa mahindi matupu, ungehamia mtoni ndani ya misimu michache. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliingiza vihamba vya Shimbwe Juu, huko huko Uru, katika orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Mgeni anayepita hapa hutembea kivulini, hupiga picha ya mbuni wenye matunda mekundu, na husalimiana na mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Akiongozwa vizuri atajifunza kushukuru kwa Kichaga: "aika mbe" kwa mwanamume, "aika mae" kwa mwanamke. Ataona pia masale yaliyopandwa mpakani, mmea ambao kwa Wachaga ni alama ya mpaka na pia ni jani la kuombea msamaha.

Sasa fikiria njia hiyo hiyo bila vihamba. Miti imekatwa kwa mbao, mibuni imeng'olewa, na kila kipande kimejengwa nyumba ya matofali. Maporomoko yatakuwa pale pale, lakini saa nzima ya kuyafikia itakuwa ni kutembea juani kati ya kuta. Wageni wachache watakubali kuilipia.

Mabadiliko hayo si ndoto. Kihamba hurithiwa, na kila kizazi kinakigawa. Vihamba vingi sasa ni vya ekari moja au mbili, na vingine havifiki hapo. Mibuni mingi imezeeka. Vijana wengi wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na anayebaki nyumbani ni mzee ambaye mgongo wake haumruhusu kupogoa. Mti wa mringaringa unaleta fedha siku moja unapoangushwa. Ukiachwa wima, kivuli chake hakina risiti.

Maji ya mfongo

Kabla njia haijaanza kushuka bondeni, mgeni atavuka mfereji mwembamba wa maji, upana wa hatua moja. Wengi huuruka bila kuuangalia mara ya pili. Huo ndio mfongo, na bila mifongo historia ya Uchagani ingekuwa tofauti.

Mifongo ni mifereji ya asili inayochota maji juu kwenye mito na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi mashambani. Wageni kutoka Ulaya waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta tayari inafanya kazi, wakastaajabu jinsi watu wasio na vipimo vya kisasa walivyoweza kuyatembeza maji kwenye miteremko mikali bila kuyapoteza. Banio la maji lilijengwa kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, ili mafuriko yakija liondoke lenyewe kabla mfereji wote haujavunjika.

Kilichoufanya mfongo udumu si mawe bali utaratibu. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na kiongozi wake. Zamu za maji zilipangwa, na asiyetokea siku ya kusafisha mfereji alitozwa faini au alikosa zamu. Ukoo uliochimba mfongo uliheshimiwa. Kwa maneno mengine, Wachaga walikuwa na chama cha watumia maji muda mrefu kabla neno hilo halijaingia katika sheria.

Leo maji ni mali inayosimamiwa na taifa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayechepusha maji ya mto awe na kibali cha bodi ya bonde, na kwa Kilimanjaro ya kusini bodi hiyo ni ya Bonde la Pangani. Sababu inaonekana ukifuata maji yenyewe. Mito ya mteremko huu haiishii Uru. Inapita tambarare, inamwagilia mashamba ya chini likiwemo eneo la mpunga la Moshi ya chini, inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani unaosukuma mitambo ya umeme kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Ndoo inayopotea kwenye mfongo mbovu huku juu ina mtu anayeisubiri huku chini.

Hapa ndipo biashara ya matembezi inapokutana na kilimo, na wakati mwingine kugongana nacho. Wageni huja kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, na tena Desemba hadi Februari, kwa sababu mvua ni chache na njia haitelezi. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo mkulima anahitaji maji ya mfongo kuliko wakati wowote. Mgeni anataka kuona maji mengi yakianguka. Mkulima anataka maji yapite mferejini. Kijito ni kimoja na kina wateja wawili.

Suluhisho si kuchagua mteja mmoja. Mfongo usiovuja unachukua maji kidogo na kufikisha mengi. Mfereji uliosafishwa, uliosakafiwa sehemu zinazovuja, pamoja na bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku, unaweza kumtosheleza mkulima na bado kijito kikabaki na maji ya kuanguka. Kazi hiyo inahitaji saruji, mchanga na nguvu kazi. Ikiwa ada ya maporomoko inaweza kulipia kitu kimoja tu cha maana, basi kitu hicho ni mfongo.

Kushuka korongoni

Baada ya mashamba, njia hubana. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu na nyasi, upande mwingine bonde linaporomoka hadi kwenye kijito kinachosikika kabla ya kuonekana. Bahati ikiwepo, mbega weusi wenye mikia meupe huruka juu ya miti ng'ambo. Vinyonga wapo pia, ingawa anayewaona kwanza ni mwongozaji.

Mwendo kutoka kijijini ni kama dakika 45 hadi saa moja kwa mtu mwenye afya ya kawaida, na zaidi kidogo kwa anayesimama kupiga picha. Kisha korongo linageuka, upepo wa baridi unakupiga usoni, na maporomoko yanatokea yote kwa mara moja. Maji yanashuka kwenye ukuta wa mwamba mweusi hadi kwenye kidimbwi. Urefu wake hutajwa kwa makadirio mbalimbali, mengi yakiwa kati ya mita 70 na 100. Mvuke wa maji hulowesha nguo hata kwa aliyesimama mbali.

Wapo wanaoingia kuogelea. Maji ni ya baridi kali, na wengi hutoka ndani ya dakika mbili wakitetemeka na kucheka.

Watu wengi huamini kwamba maji haya ni barafu ya kilele iliyoyeyuka. Ukweli ni kwamba barafu ya Kilimanjaro inachangia kidogo sana. Sehemu kubwa ya maji ya mito ya mlima hutokana na ukanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi na ambako matawi yenye kuvu na mitimlima hunasa ukungu na kuudondosha ardhini tone kwa tone. Udongo wa msitu huyahifadhi, kisha huyatoa polepole wakati wa kiangazi. Ndiyo maana kijito hakikauki mwezi Septemba.

Serikali ya kikoloni ilitenga mwaka 1941 ukanda wa nusu maili chini ya msitu ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani zaidi. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973. Masharti yameongezeka, na wakulima wa pembezoni wamelazimika kutafuta kuni na majani ya ng'ombe kwingine. Hapo tena kihamba chenye miti kinajibu hoja: anayepogoa mti wake mwenyewe hana haja ya kuingia msituni usiku.

Maji yakibadilika rangi, ondoka

Biashara ya korongo ina hatari yake, na anayeiendesha anapaswa kuijua kabla ya kujua bei. Maji ya korongo hayasubiri mvua inyeshe mahali uliposimama. Inaweza kunyesha juu msituni huku bondeni jua likiwaka, na dakika chache baadaye kijito kikaja kimejaa.

Jirani zetu wa Kenya wamelipa gharama kubwa kwa somo hilo. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba Aprili 2012. Septemba 2019 yalikuja tena, na watu saba wakapoteza maisha.

Dalili zake ni nne, na kila mwongozaji anapaswa kuwaeleza wageni kabla ya kushuka. Maji safi yanageuka kuwa ya udongo. Majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi. Mlio wa kijito unakuwa mzito. Jiwe lililokuwa kavu linafunikwa. Moja kati ya hizo ikionekana, watu wapande ubavuni, si kukimbia kufuata mto kurudi walikotoka. Katika masika, Machi hadi Mei, ni afadhali kurudisha fedha ya mgeni kuliko kumshusha bondeni wakati wingu limekaa juu ya msitu.

Mahitaji mengine ni ya kawaida: viatu vyenye meno chini, koti la mvua, maji ya kunywa, kamba, sanduku la huduma ya kwanza, na watu wasiozidi uwezo wa mwongozaji kuwaangalia. Vibanda vya biashara navyo visijengwe kwenye ukingo wa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwenye korongo katazo hilo linaokoa maisha.

Hesabu ya kikombe

Wakirudi kijijini wageni wana njaa na baridi. Hapo ndipo kahawa inapoingia, nayo ndiyo sehemu ya siku ambayo mkulima anaweza kuipangia bei.

Kahawa iliingia Kilimanjaro kupitia misheni ya Kilema mwaka 1898. Wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Kwa miongo mingi mbuni ulisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati. Kisha bei ya dunia ikaanguka. Mwaka 2001 ilifikia kiwango cha chini kabisa kwa takriban miaka 30, na wapo walioing'oa mibuni wakapanda nyanya. Februari 2025 kahawa aina ya arabika ilipita dola nne kwa ratili katika soko la New York, rekodi ambayo wengi hawakuitarajia. Mkulima mmoja anaweza kuziona bei zote mbili katika maisha yake, bila kuwa na sauti katika yoyote.

Mbele ya mgeni mambo ni tofauti. Kahawa mbivu inamenywa kwa mashine ya mkono, iliyokaushwa inatwangwa kwenye kinu huku watu wakiimba, inapepetwa, inakaangwa kwenye chungu, inatwangwa tena na kuchemshwa. Mgeni mwenyewe anashika mchi. Baada ya saa moja anakunywa kitu alichokitengeneza.

Tufanye hesabu kwa mfano. Kilo 7 hadi 8 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo moja na nusu ya kahawa kavu yenye ngozi yake. Ikikobolewa na kukaangwa, hubaki kama kilo moja. Kwa gramu 10 kila kikombe, hivyo ni vikombe 100. Iwapo kahawa kavu inauzwa shilingi 8,000 kwa kilo, mkulima aliyepeleka sokoni amepata shilingi 12,000. Aliyeuza vikombe 100 kwa shilingi 2,000 kila kimoja amepata shilingi 200,000, kabla ya kutoa gharama za kuni, sukari, vyombo na wasaidizi.

Ukiishia hapo utadhani kila mkulima aache soko akauze vikombe. Endelea na hesabu. Kaya yenye mibuni 300, kila mmoja ukitoa nusu kilo ya kahawa kavu, ina kilo 150 kwa mwaka. Hizo ni kilo 100 za kukaangwa, yaani vikombe 10,000. Kaya ikipata wageni 20 kwa wiki mwaka mzima, na kila mmoja akinywa kikombe kimoja, itauza vikombe 1,040 tu. Zaidi ya asilimia 89 ya mavuno bado inahitaji ushirika au mnunuzi mwingine.

Lakini wageni 10 kati ya hao 20 wakinunua pakiti ya robo kilo kila mmoja, kaya itahitaji pakiti 520 kwa mwaka, wakati mavuno yake yote yanatosha pakiti 400. Kwa hiyo kikombe ni tangazo, na pakiti ndiyo biashara. Mgeni hubeba pakiti hadi kwao, na kahawa ya Uru hufika mahali ambapo mkulima hatafika.

Pakiti hiyo isiwe mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Ionyeshe tarehe ya kukaangwa, uzito halisi na mahali kahawa ilipotoka. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu haraka, hivyo ni bora kuuza punje na kusaga kwa anayeomba. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa kudumu aulize mapema Bodi ya Kahawa Tanzania kuhusu leseni, na Shirika la Viwango, TBS, kuhusu alama ya ubora. Kwa kaya moja gharama hizo ni kubwa. Kwa kikundi cha kaya kumi au ishirini zinabebeka.

Hakuna pakiti bila mbuni wenye afya. Adui wakubwa ni chulebuni na kutu ya majani, na dawa zake zinakula faida. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, ilianza mwaka 2005 kutoa aina bora zinazostahimili magonjwa yote mawili. Mche mpya huchukua kama miaka mitatu kuzaa, kwa hiyo mwenye busara hang'oi mibuni yote kwa mpigo. Hubadilisha kipande kwa kipande, na wageni wanaendelea kupita.

Nani analipwa?

Siku moja ya matembezi ina watu wengi nyuma yake. Kuna wakala wa mjini aliyempata mgeni, dereva, mwongozaji, mpishi, anayetwanga kahawa, na kijiji. Kuna pia mtu asiyeonekana katika orodha hiyo: mwenye kihamba ambacho njia inakatiza, ambaye uzio wake unasukumwa na mfereji wake unakanyagwa.

Katika utalii wa vijijini, mwenye namba ya simu ya mgeni ndiye mwenye bei. Wakala akichukua fedha yote mjini na kuacha kijijini kiasi anachokiona kinatosha, kijiji kinabaki kuwa mandhari tu. Njia ya kurekebisha hilo si ugomvi bali ni bei iliyobandikwa ukutani: ada ya kuingia kiasi gani, mwongozaji kiasi gani, kahawa na chakula kiasi gani, na mfuko wa mfongo na njia kiasi gani. Mgeni anayeona ubao huo anajua fedha yake inakwenda wapi, na mwanakijiji anajua pa kuuliza.

Wenye vihamba vya njiani nao wanaweza kulipwa bila kugawana sarafu kila jioni. Kijiji kinaweza kuwapa kipaumbele katika kuuza ndizi, asali na kahawa, kuwalipia miche ya mibuni na ya miti ya kivuli, au kuukarabati mfongo wao kwanza. Anayekata miti yake yote hapati. Kwa utaratibu huo kivuli nacho kinapata risiti.

Mayai yote kapu moja

Pamoja na faida zote hizo, mwaka 2020 ulitoa onyo. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga viwanja vya ndege, watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Idadi imepanda tena na kuvuka milioni mbili mwaka 2024, lakini yeyote aliyekuwa ameacha shamba ili kuongoza wageni anakumbuka miezi ile.

Kaya iliyobaki na migomba haikulala njaa. Mtori ulipikwa, maziwa yalikamuliwa, na kahawa ilikwenda mnadani kama kawaida. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji aache kulima. Fedha ya mgeni inafaa kuwa samadi ya kihamba, isichukue nafasi yake.

Wapo pia wageni wasiohitaji ndege. Shule, makanisa, misikiti, vyama vya wafanyakazi na familia kutoka Moshi, Arusha na hata Dar es Salaam wanaweza kufanya safari hii kwa siku moja au mwisho wa wiki. Bei yao ni tofauti na ya mgeni wa nje, lakini huja hata pale dunia inapofunga milango, na wengi wao ni watoto wa Uchagani ambao hawajawahi kuona babu zao walivyopitisha maji mlimani.

Kurudi mjini

Saa kumi jioni gari linaanza kushuka kwenda Moshi. Mgeni ana matope kwenye viatu, harufu ya moshi wa kahawa kwenye nguo na pakiti moja mkobani. Nyuma yake, kijana aliyemwongoza amevua koti na anakatia ng'ombe majani. Kesho ni zamu ya ukoo wao kwenye mfongo, na kazi ya kuondoa takataka kwenye banio itaanza alfajiri.

Kijana huyo ana chaguo mkononi. Anaweza kukiona kihamba cha baba yake kama kipande cha ardhi kinachosubiri mnunuzi, au kama kiwanda chenye bidhaa tatu: ndizi, kahawa na njia ya kivuli iendayo kwenye maji. Maporomoko hayatamwamulia. Ila kijiji kikipanga mapato yake vizuri, na mfongo ukatengenezwa kwa fedha ya mgeni, hesabu yenyewe itamwonyesha kwa nini abaki. Na akibaki yeye, kijito nacho kitabaki na wa kukitunza.